Namna ya Kutengeneza Risasi Zisizoingia Bundukini

Karibu besmenti. Kalia hiyo ndoo, haina kitu ila maganda matupu. Najua kilichokuleta. Umenunua bunduki ya .308, umemaliza boksi tano kwenye uwanja wa shabaha, na sasa una maganda 100 ambayo roho inakuuma kuyatupa. Mtu wa kazini amekunong'oneza kwamba ganda likishapigwa si takataka: linatolewa fataki iliyokufa, linarudishwa umbo lake, linatiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, na linapiga tena. Hakukudanganya. (Nasema fataki ya kitako cha risasi, si Fataki wa tangazo la redio, yule mzee aliyekuwa akiwavizia wanafunzi.) Hapa Wisconsin watu wanafanya hivyo miaka nenda rudi, kila mmoja kwa bunduki yake, bila kuomba kibali. Nyumbani tulikotoka usithubutu. Kule risasi ni mambo ya leseni, na anayejitengenezea chumbani anajitafutia hakimu.

Ila huyo mtu wa kazini hakukufundisha kushindwa kwa heshima. Hilo niachie mimi. Nimeharibu maganda mengi kuliko niliyoyaokoa, na bado ukoo mzima wa upande wa mke wangu unaniita fundi.

1. Anza na hesabu ya akiba

Jumlisha fataki, baruti na kichwa kwa risasi moja, linganisha na bei ya dukani, kisha mwonyeshe mama watoto tofauti. Usitaje presi, kalibu, mizani, mashine ya kung'arishia, wala meza uliyonunua ili vyote hivyo vipate pa kukaa. Ukibanwa, sema huo ni mtaji. Sijaona mtu akilipinga neno mtaji sebuleni.

2. Okota kila kinachong'aa

Ganda limetengenezwa kwa shaba ya njano, yaani shaba yenyewe sehemu 70 na zinki sehemu 30, na umbo lake ni la chupa ya soda: kitako, kiwiliwili, bega, shingo, mdomo. Tairi la gari lako lina upepo wa paundi 30 na kitu. Risasi ya .308 imewekewa ukomo wa paundi 62,000 kwa inchi ya mraba, zaidi ya mara 4,000 ya hewa tunayovuta hapa. Chini ya shinikizo hilo ganda linatuna mpaka linazigusa kuta za chemba, pale risasi inapokaa bundukini, pande zote na kuzuia gesi isikurudie usoni. Kisha linanywea kidogo, lakini si mpaka lilipokuwa. Linatoka limechukua kipimo cha chemba ile, kama mtu aliyehudhuria harusi tatu Jumamosi moja.

Maana yake, ganda lililopigwa kwenye bunduki ya mwenzako limenenepa kwa kipimo cha mwenzako. Wewe usilijali hilo. Inama uwanjani, okota yote, jaza mifuko. Ukikuta maganda yenye alama ya msalaba ndani ya duara kwenye kitako, chukua kwa mikono miwili. Hayo ni ya kijeshi, ya 7.62 kwa 51, pacha wa .308. Wa kiraia alitangulia kuzaliwa, mwaka 1952, na NATO ikampokea wa jeshi mwaka 1954. Mengine yalipigwa na bunduki za rashasha, ambazo chemba zake ni pana na ndefu kwa makusudi ili zisikwame kwenye matope. Ganda la rashasha limevutwa kama soksi ya shule ya bweni. Kwa macho hutaona tofauti yoyote, na sisi tunatumia macho.

Changanya yote kwenye ndoo moja. Hapo umeshafika nusu ya safari.

3. Ng'arisha kwanza, fikiri baadaye

Kuna mashine ya kutikisa maganda ndani ya magunzi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi ya mahindi, yale ambayo bibi aliwashia moto. Hapa yanafungwa kwenye mfuko wenye picha na kuuzwa. Acha mashine ingurume usiku kucha. Asubuhi maganda yanatoka kama bangili za bi harusi. Yapige picha, tuma kwenye kundi la familia. Risasi inayong'aa haijawahi kuulizwa vipimo vyake.

4. Mafuta: chagua upande

Sasa tunaingia kwenye kazi yenyewe. Kalibu ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu la umbo la ganda, dogo kidogo kuliko chemba ya bunduki yako. Unaifunga juu ya presi, unaweka ganda kwenye kishikio chini, unashusha mpini, na ganda linapanda kuingia kalibuni, linabanwa kiwiliwili, linabanwa shingo, na bega linasukumwa nyuma kidogo. Wakati linatoka, gololi iliyo kwenye fimbo ya katikati inapita ndani ya shingo na kuitanua iwe tayari kupokea kichwa kipya.

Shaba kavu na chuma kikavu havipatani. Ndiyo maana ganda hupakwa mafuta maalumu, membamba, kwa ncha za vidole, na kidogo ndani ya mdomo. Wenye subira hufanya hivyo. Wewe una njia mbili bora zaidi.

Ya kwanza ni kutopaka kabisa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni wa shule hiyo. Mafuta, anasema, yanavutia vumbi. Usiku wa kwanza tulioshika presi ganda liliingia nusu, likalia kama mlango wa kabati la chuma, likasimama.

"Shemeji, limegoma."

"Halijagoma, shemeji. Linakupima."

Akaning'inia kwenye mpini na kilo zake zote. Ganda likazama lote. Akainua mpini kulitoa; kishikio kikashuka chenyewe, kimebeba ukingo wa kitako uliong'oka safi kama ukosi wa shati. Ganda likabaki ndani ya kalibu halina pa kushikwa. Dawa ipo na inauzwa: unatoboa kitako kwa keekee, unakata nyuzi ndani ya tundu, unaingiza skrubu na kulivuta kidogo kidogo huku ukijutia maisha. Tuliinunua mara mbili. Ya kwanza shemeji aliirudisha dukani tukiwa tumemaliza kuitumia, kwa imani kwamba hatutaihitaji tena.

Ya pili ni kupaka kama unakaanga maandazi. Hii ndiyo yangu. Mafuta hayabanwi, ndugu yangu. Yakikosa pa kwenda yanajichimbia bonde kwenye bega la ganda. Utapata maganda yenye vishimo vizuri vya mashavuni. Mtu akiuliza, mwambie vishimo hivyo vinaongeza mwendo.

Na ndani ya shingo usipake, hata kama uko upande wangu. Gololi ikipita kwenye shingo kavu inapiga mluzi na kulivuta bega mbele. Mluzi huo tuliupenda. Tuliudhani ni ishara ya kazi nzuri.

5. Robo mzunguko wa huruma

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo sogeza ndoo karibu.

Kijikaratasi kinachokuja na kalibu kinasema karibu jambo lilelile kwa kampuni zote: inua kishikio mpaka juu, shusha kalibu ikiguse, inua mpini, kisha ongeza robo mzunguko hivi. Robo hiyo ni ya kumeza ulegevu wa presi. Ukiwa na moyo mwema kama wangu, utaona hii ni kulibana ganda bila sababu. Utailegeza kalibu robo mzunguko, badala ya kuikaza. Kidogo tu. Nani atajua?

Kalibu nyingi zina nyuzi 14 kwa inchi. Mzunguko mmoja ni milimita 1.8. Robo ni milimita 0.45. Bega la ganda lako, kwa bunduki ya kuvuta bolti (lile komeo la kufungia chemba) kwa mkono, linahitaji kurudishwa nyuma milimita 0.03 mpaka 0.05 tu, pungufu ya unene wa unywele. Kwa hiyo ile huruma yako ndogo ni kubwa mara tisa mpaka kumi na tano kuliko kazi nzima iliyokuwepo.

Utasema: basi, kama kalibu haikulifikia bega, ganda limebaki lilivyotoka bundukini, na bundukini lilitoka vizuri. Nilisema hivyohivyo, tena kwa sauti. Umewahi kumwona mtu mwenye kitambi akikaza mkanda? Kitambi hakipotei. Kinapanda kifuani. Ganda nalo ni hivyo: ukilibana kiwiliwili, shaba inatafuta pa kwenda na kulisukuma bega mbele. Bega likienda mbele na kalibu haijashuka vya kutosha kulipokea na kulirudisha, ganda linakuwa refu begani kuliko lilivyokuwa kabla hujaligusa. Umelifanyia kazi, umelipaka mafuta, umetoka jasho, na sasa haliingii kwenye bunduki ileile lililotoka asubuhi.

Sijui kosa lingine lenye haya kama hili. Halionekani na halilii. Ganda limekaa mezani linameremeta.

6. Kalipa ibaki kwenye sanduku

Kalipa ni kifaa kizuri sana cha kuwekea picha kando ya maganda. Kifungue, kiwashe, kiache kionyeshe 0.00, piga picha, funga.

Usipime urefu. Ganda la .308 halitakiwi kuzidi milimita 51.18 kutoka kitako mpaka mdomo, na kila linapopigwa na kubanwa linarefuka kidogo, mpaka inabidi likatwe. Likizidi, mdomo unabanwa mwishoni mwa chemba, unaminya kichwa cha risasi, na shinikizo linapanda. Haya ni mambo ya watu wasio na familia.

Usipime bega pia. Kuna kifaa kidogo cha kufunga kwenye kalipa kinachosoma umbali kutoka kitako mpaka begani, kabla na baada. Dakika mbili tu. Kingetuokolea msimu mzima, kwa hiyo hatukukinunua.

Baruti siifanyii utani. Kipimo cha kitabu ni kipimo cha kitabu, na mizani isipokubali unaanza upya. Hata kejeli ina mipaka yake, na mimi nina watoto.

7. Jaza zote 100 kabla ya kujaribu moja

Waoga wana tabia ya kutoa pini ya kufyatulia ndani ya bolti, pamoja na kile kispringi cha kurushia maganda, kisha kuingiza ganda tupu lililobanwa na kuuacha mkono wa bolti uanguke. Ukianguka kwa uzito wake, sawa. Ukisita, wanashusha kalibu kinywele kimoja na kujaribu tena. Wengine wanalipaka ganda wino wa makapeni waone linapogusa. Wanatumia maganda matatu kurekebisha, halafu wanafanya 97 yaliyobaki bila wasiwasi.

Wewe una wageni Ijumaa. Jaza zote. Zipange kwenye boksi la plastiki, vichwa chini, vitako juu, safu kwa safu. Kisha andika lebo. Hapa usikimbilie. Andika tarehe, aina ya baruti, uzito wa kichwa, na mwishoni "Zimetengenezwa kwa mkono na", halafu jina lako kamili kwa mwandiko wa kadi za mialiko. Mwandiko wangu, nikisema mwenyewe, ni mzuri.

8. Dungu la alfajiri

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki Wisconsin unafunguliwa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, na una siku tisa tu. Watu wanaomba likizo kazini mwaka mzima kabla. Vaa koti la rangi ya chungwa inayowaka, maana sheria inataka rangi inayowaka, panda dungu, kaa kimya kwenye baridi ambayo masikio yanasahau kwamba ni yako.

Sisi tulikuwa wawili kwenye dungu moja, kama watoto wa kufukuza ndege wa mtama. Saa moja na robo asubuhi akatokea kulungu wa mkia mweupe, dume, hatua 60 hivi, anatembea kama mtu anayekwenda kulipa ada. Nikasukuma bolti mbele. Ikaenda. Nikateremsha mkono wake. Ukashuka robo tatu ya njia, ukasimama.

"Shemeji," nikanong'ona, "haifungi."

"Baridi hiyo. Ikande."

Bolti haikandwi. Nikaikaza kwa kiganja, ikakataa. Kiganja kikateleza, kikapiga chuma, mlio ukaenda msituni wote. Dume akainua kichwa. Nikaivuta bolti nyuma kwa nguvu, risasi ikatoka bila kinyongo, nikaingiza ya pili. Robo tatu. Ya tatu. Robo tatu. Kufikia ya tano kulungu alikuwa amesimama anatutazama, na nina hakika alihesabu. Kisha akainua ule mkia mweupe na kuondoka, bila haraka.

Zingatia hatua hii kwa makini, kwa sababu ndiyo tuliyoifanyia kazi wiki nzima: usiseme risasi hazikuingia. Sema, "Nilimwachia, alikuwa mdogo." Utapongezwa kwa huruma yako, na jioni utapewa paja la kuku la kwanza.

9. Rekebisha kwa hasira

Jumapili usiku rudi kwenye presi. Kanuni ya fundi aliyeaibika ni moja: kama kidogo kilishindwa, kingi kitaweza. Zitengue baadhi ya risasi, rudisha maganda kalibuni, na safari hii kaza kalibu mpaka presi ilalamike. Bega litarudi nyuma, tena kwa ukarimu. Risasi sasa zitaingia chemba kama sarafu kwenye kibubu, zitacheza humo ndani, na wewe utacheza nje.

Kinachofuata hufanyika gizani. Pini inapiga fataki, ganda linasukumwa mbele mpaka bega lake lipate ukuta. Shinikizo linapanda, kuta za ganda zinaishika chemba, lakini kitako kiko mbali na uso wa bolti, kwa hiyo kinavutwa nyuma kuuziba ule mwanya. Shaba inavutika juu kidogo ya kitako, inakuwa nyembamba. Kwa nje utaona mstari unaong'aa ukilizunguka ganda kama pete. Wajuao hunyoosha klipu ya karatasi, wanakunja ncha yake, wanaipitisha ndani ya ganda wakisikiliza kama inakwaruza mfereji. Wakikuta mfereji, ganda linakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Tulipoiona pete tuliisifu. Shemeji alisema ni kama hina.

Sasa kumbuka ndoo ya hatua ya pili, yale maganda ya rashasha yaliyokwisha vutwa kabla hatujayaokota. Jumanne, kwenye uwanja wa shabaha, moja kati ya hayo lilipiga vizuri tu. Sauti ya kawaida, tundu kwenye karatasi. Nilipovuta bolti, kilichotoka ni kitako, chenye urefu wa kifundo cha kidole. Ganda lingine lote lilibaki ndani ya chemba. Nilijua hivyo baadaye; kwa wakati ule niliingiza risasi nyingine, ikasimama katikati. Nikajaribu ya dukani, mpya kabisa, kutoka kwenye boksi la jirani wa meza ya pili. Nayo ikagoma.

Shemeji akashangilia. "Unaona? Hata za kiwandani haziingii. Tatizo ni bunduki!"

Hoja hii ni tamu sana. Itumie mpaka ufike kwa fundi.

10. Kwa fundi bunduki

Mpelekee bunduki ikiwa tupu, bolti nje, na boksi la risasi kwapani kama ushahidi wako. Zungumza wewe kwanza. Mweleze kwamba chemba ina kasoro. Tumia neno "toleransi" angalau mara mbili.

Fundi wetu alikuwa mzee mwenye aproni yenye madoa. Hakusema kitu. Alichungulia chemba kwa taa ndogo, akachukua kidude chembamba cha chuma kama kidole, akakiingiza, akafunga bolti, akavuta. Shingo, bega na kiwiliwili vikatoka pamoja, pete imekatika sawia pande zote. Akaviweka mezani kando ya kile kitako nilichokuja nacho mfukoni.

Kisha akafungua boksi. Akachagua risasi moja ambayo hatukuitengua, ya ule usiku wa huruma, akaidumbukiza kwenye geji yake, kipande cha chuma chenye tundu la .308 na ngazi mbili juu kuonyesha kitako kinapotakiwa kuishia. Akapitisha ukucha. Ukucha ukakwama. Akachukua moja ya Jumapili, akaidumbukiza. Ukucha ukatumbukia. Akaziweka mbili hizo kando kwa kando, akatutazama mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu.

"Nani amezitengeneza hizi?"

Nikamnyooshea kidole shemeji. Shemeji alikuwa ameshaninyooshea mimi. Mzee akaligeuza boksi, akavaa miwani, na akaisoma lebo mpaka mwisho.